Mombasa: Hatari Tusiyoitarajia

Tulipokusudia kuwapeleka watoto Mombasa wakati wa likizo ya shule, kila jirani pale Tanga alikuwa na wasia wake, na wasia wote ulikuwa mmoja: jihadharini na wezi. Basi tukashona mifuko ya ndani, tukagawa fedha mafungu matatu, bangili zikabaki nyumbani kwa bibi yao. Hatukukosea, kwani mji wenye wageni wengi haukosi wenye kuwawinda. Lakini katika siku tano tulizokaa huko hakuna aliyetugusa mfuko. Kilichotaka kutunyang'anya kilikuwa kitu kingine kabisa.

Tuliingia kisiwani kwa kivuko cha Likoni. Tuliteremka kwenye basi, tukaingia katika umati ule unaosukumana kama maji, kila mkubwa akiwa na mtoto mkononi. Wenyeji wengi wa makamo hawajasahau Aprili 1994, pale kivuko cha Mtongwe kilipopinduka na watu zaidi ya 270 wakafa. Nasi tulikuwa tukilikumbuka hilo, ndiyo maana tulivuka kwa uangalifu mkubwa.

Mji wa Kale ni pahali pa kutembelea asubuhi, kabla jua halijapanda. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imezungukwa na kuta zinazorudisha joto usoni. Mgeni aliyezoea kivuli cha nyumbani huchoka pale upesi kuliko anavyodhani. Tulibeba maji, tukanunua madafu, na kila tulipopanda tuktuk tulipatana nauli kwanza. Vichochoro vile vyembamba, vyenye milango ya kuchongwa, vina kivuli chake na salamu zake. Anayeamkia watu vizuri huelekezwa njia mara moja, hata bila kuuliza.

Siku ya tatu tukaenda ufukwe wa umma wa Bamburi. Ilikuwa saa nne asubuhi, na bahari ilikuwa imetoka mbali, imeacha mchanga mtupu na vidimbwi vyenye kiti cha pweza na kaa wadogo. Watu walitembea kwa miguu kuelekea mwambani. Kitindamimba wetu wa miaka minane akachukua ndoo yake, akawafuata mpaka kwenye fungu la mchanga lililoinuka mbali na pwani. Sisi tulikaa kivulini, tukimwona waziwazi, tukaridhika.

Karibu na adhuhuri, mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya karai alisimama ghafla. "Nyinyi ni wageni, sivyo? Yule kijana ni wenu? Mwiteni, maji yaja!"

Tulitazama pale aliposimama mtoto, tukaona mchanga mkavu, nusura tucheke. Yeye mama alikuwa akitazama kati yetu na mtoto. Maji yanapojaa hayaanzii kwenye fungu, hupitia kwanza kwenye mkondo ulio nyuma yake, mahali pa chini, karibu na ufuo. Mtoto alikuwa amezungukwa naye hana habari, anaokota makombe.

Mmoja wetu alikimbia. Kwenda, maji yalimfika magotini. Kurudi, mtoto akiwa mabegani, yalimfika kifuani na mkondo ukimvuta kando. Mvuvi mzee aliwasogezea mtumbwi wake, wakaushika ubavuni mpaka nchi kavu. Ndoo ilikwenda na maji.

Yule mzee hakutukemea. Aliuliza tu, "Leo tarehe ngapi?" Tukamtajia tarehe ya kalenda ya ofisini. Akatikisa kichwa: "Nauliza tarehe ya mwezi."

Ilikuwa tarehe 16. Hapo akatufunza, naye akikausha wavu wake, kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana na kujaa sana, tofauti yake ikipita mita 3. Mnamo tarehe 8 na 22 ni maji mafu, bahari hutulia kidogo. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele karibu saa nzima. Tuliona haya. Sisi tunaofunga na kufungua kwa mwezi, wenye kalenda ya Hijria ukutani mwa sebule, hatukuwahi kuitazama kwa ajili ya bahari.

Kesho yake tulikwenda saa tatu, maji yakiwa bado yanatoka, na kabla ya saa sita watoto wote walikuwa juu kivulini. Tulikula viazi vya karai vya yule mama, vyenye ukwaju mkali. Tulipolipa, alihesabu sahani zote, akakataa kupokea bei ya sahani ya kitindamimba.