Mkomamanga wa Bibi Usikatwe

Baba mdogo anataka kuukata mkomamanga wa Bibi kule Tanga, ajenge chumba cha kupangisha. Anasema kodi itanisaidia bumu likichelewa. Namwelewa, ila sikubali.

Bibi, Mungu amrehemu, aliupanda kwa kipande cha tawi tu, ukazaa mwaka wa tatu. Komamanga, alitufundisha, halivundikwi kama ndizi: ukilichuma bichi, ndo limebaki hivyo. Subiri ganda likolee rangi, ligonge kwa kidole, likilia kama bati ukate kikonyo kwa mkasi, usivute. Na baada ya ukame usilimwagilie maji mengi ghafla, litapasuka.

Nasomea ualimu. Nataka wadogo zangu nao wajue kuligonga. Chumba kijengwe upande wa jikoni; nafasi ipo, nimeipima kwa hatua.