Nyumba ya Samaki Mdogo wa Kalemie



Mtu akitoka Likasi kwa gari la moshi, akapitia Kamina na Kabalo mpaka Kalemie, macho yake yamezoea vilima vya udongo wa minji. Kule anaona Tanganika: maji yenye urefu wa kilometa zaidi ya 650, na kina cha metre 1.470.

Pale mchangani nilimkuta mzee mvuvi akikung'uta wavu. Maganda matupu ya konokono yakaanguka. Lakini mengine hayakuwa matupu: ndani mlikuwa samaki mzima, mfupi kuliko kidole changu, na shavuni ana alama kama jicho la pili. Wenye elimu wanamwita Lamprologus ocellatus. Ganda analizika mchangani, anaacha mlango tu. Hatari ikija anaingia humo, na jike anataga mayai humo.

Mzee alinipa dume mmoja na majike wawili ndani ya ndoo. Akasema: “Mwanangu, usisahau maganda. Bila nyumba hawezi kuzala.” Nikajaza mfuko.

Njiani nilichota maji kwa kikombe na kuyarudisha toka juu, ili hewa iingie. Wote walifika wazima, tukawatia katika sanduku la vioo la litre 60. Niliweka ganda moja tu. Mengine niliyapanga juu ya kabati, sababu yalipendeza. Dume akashika lile ganda, akawafukuza wengine. Siku ya tatu jike mmoja alikufa, mapezi yameraruka. Binti yangu akauliza: “Papa, huyu mwingine iko natafuta nini kwa pembe?”

Nikaona haya. Alitafuta nyumba.

Siku ile kabati lilibaki tupu. Tuliweka maganda yote juu ya mchanga laini, pamoja na mawe ya chokaa, maana samaki hawa wamezoea maji yenye chokaa. Maji ya bomba tunayaacha wazi siku nzima, kisha tunaongeza kidogo kidogo. Umeme ukikatika, watoto wanashika kikombe.

Mwezi wa pili binti alituita kwa kelele. Mlangoni pa ganda la jike kulikuwa na vitoto vyembamba kama uzi! Mama yao akasogea, vyote vikaingia ndani.

Vijana, mkifika Kalemie, mbele ya kuokota ganda zuri, angalieni ndani. Na hata likiwa tupu, liko na anayelitafuta.