Parsele moja, karatasi mbili

Wasikilizaji wananiuliza mara nyingi: "Ndugu, kila juma unatangaza mambo ya parsele. Wewe umejenga wapi?" Sijajenga. Ninalipia nyumba ya vyumba viwili komine ya Kenya, na mwenye nyumba akikohoa usiku tunamsikia.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Mimi nilitoa ya miezi sita, kwa dola, bila kubishana, maana nyuma yangu wengine walikuwa wanangoja ufunguo uleule.

Kwetu Lubumbashi mtu wa mshahara kama wangu hanunui nyumba. Ananunua parsele, halafu matofari, halafu sima, halafu mabati. Watoto wanakua nyumba ingali msingi. Babu yangu alijenga Katuba miaka ya 1950, katika mpango wa Wabelgiji ulioitwa kwa jina la Grévisse: unakopeshwa vifaa, unajenga mwenyewe, unalipa kidogo kidogo. Sisifu ukoloni, Wazungu walikuwa na mji wao na sisi wetu. Lakini babu alijua parsele yake ni ipi.

Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yote ni ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, na kinachothibitisha haki hiyo ni sertifika ya usajili peke yake. Karatasi yenye muhuri wa mtaa si sertifika. Nimelisema hilo redioni mara ngapi! Ila parsele yenye sertifika bei yake ilipita mfuko wangu mbali. Tulicheza likelemba miaka mitatu, bibi yangu akaongeza pesa zake za kuuza unga, na mimi, mwalimu wa watu, nikaenda kununua parsele ya karatasi upande wa njia ya Kipushi.

Wakati wa kiangazi tukashusha matofari 2000 ya kuchoma, ya udongo mzuri wa kichuguu. Juma lililofuata nikakuta mtu anachimba msingi, jasho linamtoka. Nikamsalimia, nikamuuliza anatafuta nini pale. Akatoa karatasi mfukoni. Muuzaji yuleyule, muhuri uleule, namba ileile. Yake ilitangulia yangu kwa miezi minne. Tukampigia muuzaji, simu imezimwa.

Tukakaa juu ya matofari yangu. Hata nguvu ya kugombana haikuwepo. Baba yule alinitazama kwa muda, akasema: "Sauti yako naijua. Si wewe unayetuambia redioni kwanza tuulize sertifika?"

Nilinyamaza. Ningemjibu nini?

Tumeshitaki pamoja, mimi na yeye. Ninyi mnaotaka kununua, kabla ya kutoa hata dola moja nendeni wenyewe kwenye ofisi ya hati za ardhi, mwulize namba ya parsele ile imeandikwa kwa jina la nani. Na waulizeni majirani, kwa siku mbili tofauti, bila muuzaji kuwa pembeni. Mimi sikuuliza hata mmoja, niliona haya kuonekana sina haraka na bei ile.

Mvua zimeanza. Matofari bado yako palepale, tumeyafunika majani, mimi kwa mkono huu na yule baba kwa mkono ule. Bibi yangu hanisemeshi juu ya pesa. Kila Jumapili anauliza tu kama yamelowa.