Taa Kumi na Mbili Kwenye Duara

Ukitaka kupanga vitu kwenye mstari, rula inatosha. Kwenye duara, jambo la kwanza ni kujua kitovu kiko wapi, na hilo ndilo watu wengi wanaliruka. Wanaweka kitu cha kwanza, cha pili, cha tatu, wanaenda kwa macho, halafu cha mwisho kinakosa nafasi au kinabaki na pengo kubwa kama jino lililong'oka.

Mimi natengeneza taa za sola na redio hapa Kalobeyei. Tulitoka Fizi, Kivu ya Kusini, tukapitia njia nyingi ambazo sitaki kuziandika leo. Leo naandika juu ya bodi moja ya duara, yenye upana wa karibu sentimita 7, ambayo wamama wa darasa la jioni wanasomea.

Darasa lenyewe ni kumi na mbili. Wanasoma jioni kwa sababu mchana kuna maji, kuna foleni, kuna kuni, kuna watoto. Mama yangu ni mmoja wao. Sababu yake ya kusoma ni ile simu. Pesa ya chakula, Bamba Chakula, ilikuwa inakuja kwa ujumbe wa simu, na kwa miaka mama alikuwa anampa mtu mwingine simu amsomee. Kuna duka moja walimwambia salio lake ni kidogo kuliko lilivyokuwa, akaondoka na unga kilo chache, akarudi nyumbani bila kujua. Tulijua siku tatu baadaye, mdogo wangu aliposoma ule ujumbe. Mama hakulia. Alisema tu, "Mutoto wangu, minataka kusoma mimi mwenyewe." Wiki iliyofuata akaanza darasa.

Shida ikawa taa. Waliyokuwa nayo ilikuwa ya kununua, inamulika upande mmoja kama tochi. Wamama wa mbele wanaona daftari, wa nyuma wanaona mgongo wa mwenzao. Ikaanza kuwahi viti. Wengine wanaacha ugali motoni ili wafike mapema, wengine wakaanza kununiana, na wawili wakaacha kuja kabisa. Mama akaniambia, "Hii taa inaangaza bale ba mbele tu, na sisi bote tuko banafunzi." Hapo ndipo nikaona si suala la kuongeza mwanga. Ni kuugawanya. Wakae kwa duara, taa ining'inie katikati, na kila mmoja awe na mwanga unaomwelekea yeye.

Taa ndogo za LED zile za milimita 5, zenye kichwa cha mviringo, zinatupa mwanga mwembamba. Nyingi zinafungua kama digrii 30 hivi. Sasa gawanya digrii 360 kwa 12, unapata 30. Nilicheka peke yangu pale kituoni. Kumi na mbili wamama, kumi na mbili taa, na kila taa inajaza nafasi yake bila kumwingilia jirani sana.

Kwenye kompyuta ya kituo tunatumia KiCad, programu ya bure ya kuchora bodi. Ina kifaa cha kurudia kitu kwenye duara: unaipa kitovu, unaipa idadi, unaipa pembe kati ya kimoja na kingine, inapanga. Lakini mimi napenda mtu aelewe kwanza kwa mkono. Nusu kipenyo nilichagua milimita 30. Mahali pa kila taa unapata kwa kosaini na saini (si ile saini ya kuweka kidole gumba kwenye karatasi). Nusu kipenyo mara kosaini ya pembe inakupa umbali wa kwenda pembeni, mara saini inakupa wa kwenda juu au chini. Ukianzia sifuri: 30 na 0. Kwenye digrii 30: 25.98 na 15. Kwenye digrii 60: 15 na 25.98. Kwenye 90: 0 na 30. Basi, hesabu imekwisha! Taa zote zilizobaki ni namba hizohizo, unabadilisha tu alama ya kutoa na kujumlisha. Duara zima la taa kumi na mbili linakaa ndani ya namba tatu na sifuri.

Na kama huna kompyuta, bikari inakutosha. Chora duara, usibadilishe upana wa bikari, tembea nayo juu ya ule mstari: utapiga hatua sita na kurudi pale ulipoanza, kamili. Kila nafasi igawe katikati, una kumi na mbili. Mafundi seremala wanaijua hii bila kwenda shule.

Kuna mambo mawili yanayowasumbua vijana tunaojifunza nao. La kwanza ni kugawa kwa 11. Wanahesabu nafasi kama za miti ya uzio ulionyooka, ambako miti kumi na miwili ina nafasi kumi na moja. Kwenye duara hakuna mti wa mwisho. Nafasi ni nyingi sawasawa na miti.

La pili ni zito zaidi. LED ina mguu mrefu wa chanya na mfupi wa hasi, na ukiigeuza haiwaki. Sasa ukiihamisha taa kuzunguka duara bila kuizungusha yenyewe, upande huu chanya inatazama nje, upande wa pili ileile chanya inatazama ndani. Kwa macho bodi inaonekana nzuri kabisa. Ukiwasha, nusu giza. Kwa hiyo kila taa lazima igeuke pamoja na pembe yake: ya kwanza 0, ya pili 30, ya tatu 60, mpaka mwisho, ili chanya zote zitazame nje. Kwenye KiCad ni alama moja tu ya kuweka kwenye kisanduku, lakini lazima ujue kwa nini unaiweka.

Chanya zikiwa nje, nilizifunga kwa pete moja ya shaba. Kila taa ikapata rezista yake, imelala kama mti wa gurudumu la baiskeli kuelekea katikati, na upande wa ndani pete ndogo ya hasi. Betri ni seli iliyotoka kwenye kompyuta ya mkononi iliyokufa, pamoja na kabodi kake ka kuilinda. Ikijaa inafika volti 4.2, LED inachukua karibu 3, inabaki 1.2. Nilikuwa na rezista za om 68, ambazo zinaruhusu kama miliampia 17 hivi kwa kila taa. Zote kumi na mbili hazifiki robo ya ampia. Darasa ni saa mbili, betri inalala bado ina nguvu.

Pete ya ndani haikufungwa. Waya za betri zinaingia katikati ya bodi, na shaba yangu ni ya upande mmoja tu, kwa hiyo njia ya chanya lazima itoke nje kupitia mahali fulani. Pete iliyofungwa ni kama boma lisilo na mlango. Niliacha pengo la milimita 3, njia ikapita hapo kati ya rezista mbili.

Kuagiza bodi kutoka China si bei kubwa, lakini inataka kadi ya benki, anwani, na mtu wa kupokea mzigo mjini, na sisi kutoka kambini ni mpaka kibali cha kusafiri. Kwa hiyo tulifanya wenyewe. Bodi ya shaba na dawa ya kuila vilikuja na basi kutoka Kitale. Picha tuliichapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya gazeti inayong'aa, tukaipiga kwa pasi ya mkaa. Pasi ya mkaa joto lake halilingani, unaisogeza polepole kama unapiga shati la harusi. Jambo zuri la duara ni hili: hata picha ikihamia shabani kinyume, nje inabaki nje na ndani inabaki ndani. Mlango tu ndio unahama. Matundu yalikuwa 50. Dawa iliyobaki imo kwenye dumu, imefungwa. Haimwagwi kwenye laga, mbuzi wa watu wanakunywa kule.

Mwisho nilikunja miguu ya taa ziinamie nje kidogo, kama ukingo wa kofia, tukaitundika.

Wale wawili walioacha, mmoja amerudi. Wa pili alihama, kiti chake kipo na taa yake inawaka. Mwezi uliopita taa ya saba ilikufa, na kwa sababu kila moja ina rezista yake, zingine hazikujua. Ila aliyekaa chini yake alijua! Alikuja kwangu kabla ya saa moja asubuhi.

Mama sasa anasoma salio lake. Anasoma polepole, namba moja moja, kwa sauti, hapo hapo dukani, na mwenye duka anasubiri. Maneno marefu bado. Juzi aliniuliza "muamala" ni nini.

Kundi la wamama wa kijiji cha jirani wameleta ombi, wao ni wanane. Digrii 45. Nimeshachora, nangoja shaba.