NESI NA KAMERA, SEHEMU YA 3: Pesa ya kikoba ilienda wapi

Wengi mmeniuliza kwa nini nesi wa Karema anatembea na kamera shingoni kama mpiga picha wa harusi. Leo najibu. Na picha nzuri kuliko zote nilizopiga nitawasimulia tu, hamtaiona.

Ilianza na simu. Jarida moja la familia liliniomba picha za siku ya kliniki huku ziwani, nilipwe kwa kila picha itakayotumika. Nikapiga kwa simu, nikatuma WhatsApp. Mhariri akajibu: "Dada, kwa simu zinafaa, kwa karatasi hapana." Nilinuna kweli. Baadaye ndiyo nikaelewa kuwa WhatsApp inaminya picha. Ukurasa wa A4 ukichapwa vizuri unataka nukta 300 kila inchi, yaani pikseli kama 2480 kwa 3508. Zidisha mwenyewe, haifiki megapikseli 9! Kwa hiyo hata kamera ya zamani ya megapikseli 12 inatosha. Anayekwambia uongeze laki mbili kwa sababu ya megapikseli anakuuzia namba.

Kikoba kilipovunjwa nilipata milioni moja na laki mbili. Baba watoto alitaka tuezeke jiko, maana mvua ikinyesha napika nimeshika mwavuli. Tulibishana siku mbili. Mwisho nikamwambia: "Nipe miezi sita. Isiporudisha bati, naiuza." Akakubali, ila akaandika tarehe kwenye kalenda ukutani.

Sasa nilivyochagua.

Kwanza, umeme. Kamera mpya zisizo na kioo ndani ni nyepesi, lakini skrini inakula betri muda wote. DSLR unachungulia tunduni, kioo kinakuletea picha kutoka kwenye lenzi, betri inapumzika. Nikon D3500 ya mwaka 2018 imekadiriwa picha 1,550 kwa chaji moja. Kwangu mimi hilo ndilo liliamua. Sola ya nyumbani inachaji simu tatu na taa, na umeme wa friji ya chanjo hauguswi kwa mambo binafsi.

Pili, mwanga. Chumba cha wazazi kina dirisha dogo, na mimi simmuliki mtoto mchanga na flashi usoni. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera mwisho wake ni f/3.5, ukivuta karibu inashuka mpaka f/5.6. Ya milimita 35 f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara nne ya ile f/3.5. Kumbuka tu: f ndogo, mlango mkubwa. Ndiyo maana nilichukua kamera iliyotumika, pesa iliyobaki ikaenda kwenye lenzi.

Tatu, usiibiwe. Binamu yangu aliyeko Dar ndiye aliyenisaidia kununua. Muuzaji wa kwanza alimpa lenzi ya zamani kwa bei ya kutupa. Ilikaa vizuri, ikapiga, lakini haikujilenga yenyewe. D3500 haina mota ya kusogeza lenzi, inataka lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Jaribu palepale dukani. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe. Madoa yakijirudia sehemu ileile, kuna vumbi kwenye sensa. Na kwa vumbi la barabara ya Mpanda, mimi nabadilisha lenzi nyumbani tu, mlango umefungwa.

Sasa ile picha. Mama mmoja alijifungua alfajiri, akawa amekaa dirishani, mtoto kifuani, nyuma yake mitumbwi inarudi. Nilimuomba ruhusa, akakubali, nikapiga. Jamani, nilijua kabisa hii ni ya jalada, na jalada linalipa zaidi. Siku ya tatu akarudi, akanivuta pembeni: "Nesi, ile picha usiipeleke. Mama mkwe hataki mtoto aonekane kabla ya arobaini."

Nilikuwa nimebakiza wiki tano kwenye kalenda.

Sikuituma. Alikubali mara ya kwanza akiwa kitandani, amechoka, mbele ya nesi aliyemzalisha. Nani angekataa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, lakini hata bila sheria, mama anatuamini kwanza kama manesi. Tangu siku hiyo simwombi mama ruhusa wodini. Namuomba akirudi kliniki, amevaa nguo aliyoichagua mwenyewe, na namwambia wazi kwamba akikataa huduma ni ileile.

Picha nilimchapishia Mpanda, moja tu, nikampa. Nyingine nimefuta.

Hapa Karema ndipo Adrian Atiman alipotibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki 1956. Mara nyingi najiuliza wamama aliowahudumia walikuwa na sura gani. Ndiyo sababu naendelea.

Miezi sita ilipoisha, kamera ilikuwa imerudisha bati tisa. Jiko linataka kumi na sita. Baba watoto alisimama chini ya zile tisa, akahesabu, akang'oa ile karatasi ya kalenda.

Sehemu ya 4: namna ya kumpiga picha mwanao nyumbani kwa simu na mwanga wa dirisha, bila kununua chochote.