Jani la nyanya lina ugonjwa gani? Simu yangu na mvua ya Kericho

Leo tuziweke programu kando kidogo, tuzungumze juu ya majani ya nyanya. Msinikimbie! Mtaona hatukwenda mbali na kompyuta.

Ninaishi Kericho, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Chai inastawi huku kwa sababu mvua haikatiki: asubuhi ukungu, mchana jua kidogo, alasiri mvua, mara nyingine ya mawe. Hali hiyo hiyo inayoinenepesha chai ndiyo inayoua nyanya. Nyuma ya nyumba nina mashina 40. Ng'ambo ya ua ni viazi vya Kogo, bibi jirani yetu. Hivyo ndivyo chakula chake, na ndiyo mbegu yake ya msimu ujao.

Mwezi wa Mei majani ya nyanya zangu yalitoka madoa. Nikachuma jani, nikalipiga picha kwa simu, nikaiuliza programu. Ikasema baka jani mapema. Jani la pili, ikasema upungufu wa madini. Majibu mawili, shina moja!

Sikushangaa, maana najua programu hizi zinavyofundishwa. Mwaka 2016 watafiti Mohanty, Hughes na Salathé walieleza jinsi walivyoifundisha kompyuta kwa picha 54,306, mimea 14 na magonjwa 26. Kwenye jaribio ilipata asilimia 99.35. Lakini picha hizo zilikuwa za jani moja moja lililochumwa na kulazwa juu ya kitu cha rangi moja. Walipoipa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, wenyewe waliandika kwamba usahihi ulishuka hadi asilimia 31 hivi. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: kwako inakwenda vizuri, ikifika kwa mteja inagoma.

Na programu ikigoma tunauliza: ilianza lini, wapi, baada ya nini? Nikaziuliza nyanya vivyo hivyo.

Madoa yako wapi? Baka jani mapema huanzia majani ya chini, yale yaliyozeeka, na doa lake lina pete ndani ya pete. Yangu yalikuwa hadi juu, hayana umbo, kama jani limemwagiwa maji ya moto.

Kuna vijia vyeupe na kiwavi ndani ya jani? Huyo ni kantangaze, Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014. Sikumwona.

Mmea umenyauka ghafla ukiwa bado kijani? Kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi kama maziwa zinashuka, ni mnyauko wa bakteria. Huo hauna dawa, ng'oa. Maji yangu yalibaki safi.

Hewa ilikuwaje? Baridi, na majani yamelowa siku nne mfululizo.

Jaribio la mwisho ni la bure. Nilitia jani kwenye chupa ya jemu pamoja na tishu iliyoloweshwa, nikafunga usiku kucha. Asubuhi, upande wa chini wa jani, kando ya doa, palikuwa na utando mweupe. Hiyo ni baka jani chelewa, ambayo huku kwetu tunaiita blaiti. Ndiyo iliyoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa.

Kiini chake, Phytophthora infestans, kinafanana na kuvu lakini si kuvu wa kweli. Kiko karibu zaidi na mwani. Ndiyo maana baadhi ya dawa za kuvu hazikigusi. Ukifika kwa agroveti usiombe tu "dawa ya ukungu". Taja blaiti, soma lebo uone kama inataja nyanya na blaiti, na tazama namba ya usajili ya PCPB.

Tena dawa nyingi hulinda jani zima. Lililokwisha kuoza halifufuki. Kwa hiyo nilianza na kisu. Mashina 9 yaliyokuwa na mabaka meusi niling'oa nikayafukia. Mengine nilikata majani yenye madoa, nikanyunyiza dawa ya shaba, nikahesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna kama lebo inavyosema. Halafu nikajenga paa la nailoni ili majani yakauke, na maji namwagia shinani tu.

Lakini kabla ya dawa nilivuka ua, kwa sababu mbegu za blaiti hupeperushwa na upepo na hazibagui nyanya na viazi.

"Kogo, nyanya zangu zina blaiti."

"Basi twende tuangalie viazi kabla mvua haijarudi."

Tulikuta madoa kwenye mistari miwili ya karibu na ua. Tukakata majani yote ya mistari hiyo, tukang'oa na viazi maotea, vile vinavyojiotea vyenyewe na kuuhifadhi ugonjwa. Mistari mingine akaivuna salama, na mbegu akapata. Mimi mashina 31 yalizaa.

Programu haikuniuliza mvua imenyesha siku ngapi, wala jirani yangu amepanda nini. Picha pigeni, ni shahidi mmoja. Ila geuzeni jani muone chini, na mkiona utando mweupe, mwambieni jirani siku hiyo hiyo.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.