Chombo cha Kukodi na Mteremko wa Mai Mahiu

Msomaji wangu, huenda siku moja ukahitaji kukodi chombo cha magurudumu mawili, kwa kuwa si kila mwenye safari ana fedha za kununua. Siku hiyo utasimama mbele ya vyombo vilivyopangwa safu, kila kimoja kikikuita kwa rangi yake. Nataka kukusimulia jinsi nilivyochagua mimi. Nilichagua vibaya, na kosa langu lilikaribia kumdhuru mtu asiye na hatia.

Mai Mahiu, jina la Kikikuyu lenye maana ya maji ya moto, ni mji mdogo uliokaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, huonekana kutoka hapo. Njia ya Narok na ile ya Naivasha huachana mjini humo. Aendaye Nairobi kwa barabara ya zamani huupanda ukuta huo mpaka upande wa Limuru, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Barabara hiyo ilijengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kando yake lipo kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde, na katikati hupita malori mazito yakiguna mchana na usiku. Asubuhi na jioni ukungu hushuka ukafunika vyote.

Katika likizo moja ya Agosti nilikuwa na safari nyingi za Nairobi kutafuta vitabu vya shule yetu. Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi aliyekuwa akikodisha vyombo. Alikuwa na pikipiki kuukuu ya sentimita za ujazo 150, rangi yake imebabuka, na skuta moja nyeupe iliyong'aa kama yai. Aliniuliza, "Mwalimu, njia yako ni ipi?" Nikamjibu, "Nairobi, Mzee." Sikumwambia kwamba ningerudi na mzigo, wala kwamba binti wa dada yangu angepanda nyuma. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuichagua skuta, nami sikutaka swali la pili. Niliwaza jinsi wanafunzi wangu watakavyoniona nikipita.

Mjini skuta ilinipendeza kweli. Haina klachi wala gia za kubadili. Kwenye msongamano wa magari mtu hukaza mafuta na kuachia tu. Ina nafasi ya kuweka mfuko miguuni, na sahani yake ya mbele hukinga nguo na matope. Kwa mwenye shughuli za mjini tu, ni chombo cha busara, wala sikidharau hata leo.

Lakini mlima una maswali yake. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini hupoteza nguvu kadiri ipandavyo. Katika kimo cha mita 2,000 injini ya kawaida huwa imepungukiwa na karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake za pwani. Skuta yangu ndogo ilipanda ikihema, na malori niliyotaka kuyapita yakanipita mimi.

Kupanda ni aibu tu. Hatari iko katika kushuka. Tuseme chombo, watu na mzigo ni kilo 200, nanyi mnashuka mita 500. Nguvu ya mteremko huo, ikizuiwa na breki peke yake, yote hugeuka kuwa joto, na joto hilo latosha kuchemsha kama lita 3 za maji. Mwenye pikipiki ya gia hushuka katika gia ya chini, na injini hubeba sehemu ya kazi hiyo. Skuta yangu haikunipa gia ya kuchagua. Jioni ile, binti yuko nyuma na vitabu viko miguuni, nilishika breki mfululizo tangu juu. Nilipokaribia kona moja nilinusa harufu ya kuungua. Nikabana, na mkono wa breki ukaja mpaka mwisho bila kitu kushikika. Nyuma yetu lilikuwapo lori. Binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, mbona hatusimami?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Niliiona sehemu ya udongo laini upande wa mwamba, nikaielekeza skuta huko, tukaanguka. Lori likapita likipiga honi. Binti alichubuka kiwiko, na helmeti yake ikapata ufa ambao ungekuwa katika kichwa chake. Vitabu vilitapakaa majanini, tukaviokota kimoja kimoja bila kusema neno.

Nilipoirudisha skuta nilijiandaa kulaumu. Mzee aliitazama, akanitazama, akasema, "Mwalimu, nilikuuliza njia, ukanitajia mji." Sikuona pa kuficha uso wangu. Nililipa gharama ya matengenezo, nikaikodi ile pikipiki iliyobabuka, nayo ikanichukua mpaka mwisho wa likizo.

Basi, msomaji wangu, ukienda kukodi, itaje njia yako yote, pamoja na mlima wake, mzigo wake na abiria wake. Bana breki kabla ya kulipa. Tazama tairi, taa na vioo. Uliza bima na uhakikishe kuwa leseni yako ni ya chombo hicho. Vaa helmeti na jaketi yenye kuakisi mwanga, na abiria wako avae vivyo hivyo. Asizidi mmoja, kwa kuwa ndivyo sheria ya Kenya isemavyo. Siku hizi ziko pia pikipiki za umeme, tulivu na zisizotoa moshi. Ukiitaka moja, uliza kwanza betri itabadilishwa wapi utakapokuwa umeupanda mlima. Chagua chombo kwa kufikiria sehemu ya njia iliyo ngumu kuliko zote, kwa maana sehemu rahisi hukipokea chombo chochote.

Binti yule sasa amemaliza shule. Tunapoteremka pamoja kwa matatu na kulipita kanisa lile dogo, hukigusa kiwiko chake, nami hutazama dirishani.